Lenzi ya mara 10 niliyonunua Arusha, mwaka mmoja nayo mlimani

Mimi napandisha wageni Kilimanjaro, ni gaidi msaidizi (wa mlima jamani, msiogope), njia yangu kubwa ni Marangu. Miaka yote kila ua kavukavu la kule juu nilikuwa naliita evalastingi, mgeni anapiga picha, tunasonga. Siku moja tuko kambi ya Horombo, bibi mmoja wa Kijerumani akaniuliza ni evalastingi ipi kati ya hizi tatu, aisee nikabaki nacheka tu kama mtu aliyedaiwa hadharani.

Niliposhuka nikaenda Arusha kutafuta ile lenzi ndogo ya kukunja wanayotumia madalali wa tanzanite. Ya kwanza nilipigwa. Imeandikwa 30x kwa herufi kubwa, elfu nane tu, nikajiona mjanja. Kumbe lenzi inayokuza mara 10 kweli kitu kinaonekana safi kikiwa kama sentimita 2 na nusu kutoka kwenye kioo, ya mara 30 ingetaka chini ya sentimita moja, sasa yangu ilikuwa inaonesha vizuri kwenye sentimita sita, yaani hata mara tano haifiki. Ya pili nikatoa elfu 45, ya chuma, vioo vitatu vimegandishwa pamoja, hiyo ndo ninayoisifia hapa.

Kwanza jinsi ya kuishika, maana wengi wanaishika mbali kama wanasoma gazeti. Ilete mpaka karibu na jicho kabisa, afu inama wewe ulifuate ua, usilichume, KINAPA (wenye hifadhi ya Kilimanjaro) hawataki na wako sahihi. Mara ya kwanza nilipoinama hivyo nikakuta lile ua wala si ua moja. Hawa wote ni ukoo wa alizeti, katikati kuna vimirija vya njano vimejipanga, kila kimoja kina meno matano mdomoni, na kila kimoja ndo ua lenyewe. Na zile petali zinazong'aa za evalastingi siyo petali, ni vijani vikavu vinavyozunguka kichwa, ndo maana ukivigusa vinalia kama karatasi.

Sasa kilichonishinda miaka yote ni Helichrysum meyeri-johannis. Hivyo vijani vyake vina pinki kwa nje na vyeupe kwa ndani, kwahiyo asubuhi kukiwa na baridi na umande limejifumba unaliona jekundu, jua likishika linafunguka unaliona jeupe, mimi nilikuwa nahesabu ni maua mawili!! Helichrysum newii yeye ni wa kijivu, amejaa manyoya kama blanketi, na anapanda juu kuliko wenzake, ameshakutwa mpaka ndani ya kreta ya Kibo. Jina ni la Charles New, mmisionari aliyefika kwenye theluji mwaka 1871. Helichrysum cymosum hana shida, vichwa vidogo vya njano vimesongamana kama abiria wa daladala.

Ya njano yenye petali pembeni pia yalikuwa yananichanganya, hapo hata lenzi huhitaji sana. Euryops dacrydioides ni kichaka, na majani yake madogo yamebanana kwenye tawi kama ya msipresi, linaota Kilimanjaro tu. Mwingine ni Senecio purtschelleri. Meyer na Purtscheller ndo wale waliofika kileleni 1889, kila mmoja ana ua lake, ila mzee wetu Yohani Lauwo wa Marangu, anayesimuliwa kuwa ndo aliwaongoza, la kwake mimi sijalisikia.

Ubaya wa lenzi upo. Asubuhi na baridi ukiitoa tu inashika ukungu wa pumzi, inabidi ikae ndani ya koti igusane na mwili. Skrubu ya kukunjia ililegea mwezi wa tatu, kioo kikawa kinaanguka chenyewe, nimekaza na uzi wa kiatu mpaka leo. Na ukivaa glavu nene sahau, haikunjuki. Afu wageni wakishaiona kila mtu anaitaka, kundi la watu sita mnakaa kwenye ua moja dakika ishirini wapagazi wameshafika kambini wanapika.

Naipa nyota nne kati ya tano. Ukienda kununua beba rula.