Mepo ya Kijapani yenye uvimbe shinani: uoteshe mizizi mipya au ubebeshe miche?

Mepo (mti wa mapambo) nyingi za dukani zimebebeshwa, yaani zimeunganishwa kwenye shina la mmea mwingine, na pale kwenye kiungo shina huvimba vibaya. Kwa bonsai (mti mdogo unaokuzwa chunguni), mimi ningeotesha mizizi juu ya uvimbe huo, ili sehemu ya juu iwe mti mpya usio na uvimbe. Majani mapya yakishakomaa, menya pete ya gome, kisha kwangua hadi mti mweupe uonekane. Ukibakiza utando wa kijani, jeraha hujiziba bila kutoa mzizi. Funga kwa sfagnamu (aina ya kuvumwani) iliyoloweshwa, kisha kwa plastiki. Mara nyingi mizizi huonekana baada ya miezi 2 au 3, na ikienda vizuri huzunguka shina lote. Inapendeza mno!

Kubebesha miche kitakoni, yaani kuiunganisha chini ya shina ili mizizi yake iwe ya mti, kunafaa mizizi ikiwa imeota upande mmoja tu. Huchukua muda zaidi, na uvimbe hubaki palepale.