Kupandikiza nyama ya fizi: fizi haikuuma, kaakaa ndo liliniliza

Naandika maana kabla sijafanya nilitafuta sana mtu wa kunielezea nikakosa. Mimi fizi ya meno matatu ya chini mbele ilirudi nyuma mpaka mzizi unaonekana, ule wa njano njano, maji ya friji yalikua hayanyweki. Miaka yote naambiwa badili dawa ya meno.

Klinik ipo Dar, jina naliacha. Dokta hakukimbilia kisu, alinipa mswaki akasema piga kama unavyopiga nyumbani, nikapiga, akanisimamisha hapo hapo. Mswaki mgumu, nasugua kwa nguvu kama sufuria, ndo uliokula fizi. Akasema fizi ikishaondoka hairudi yenyewe, na nisipobadili mkono hata hiyo ya kupandikiza itaondoka. Akanisafisha meno, akanipa mswaki laini, wiki sita ndo tukapanga siku. Hapo nampa heshima yake yote.

Siku yenyewe ni sindano za ganzi tu, upo macho. Wanafungua kaakaa kidogo pembeni karibu na magego, wanatoa nyama ya ndani, siyo ngozi ya juu, wanashona, halafu ile nyama wanaipenyeza chini ya fizi na kuivuta fizi ifunike mzizi, uzi mwembamba balaa. Maumivu hamna.

Sasa kaakaa. Niliambiwa utasikia kama umeungua na chai, jamani siyo chai ile, siku tatu za kwanza hata kumeza mate ni kazi, na usiku wa pili likaanza kutoa damu, napiga simu klinik haipokelewi mpaka asubuhi, nikakandamiza na shashi iliyolowana dakika 20 bila kuachia ndo ikakata. Baadae najua kumbe kuna kibao cha plastiki wanakutengenezea cha kufunika kaakaa, ningelipia bila kuuliza bei! Hawakunitajia kabisa.

Chakula ni mtori uliopoa na uji, mrija marufuku. Wiki mbili hugusi pale na mswaki, unasukutua na klorheksidini, dawa ya maji ya kuua vijidudu mdomoni, asubuhi na jioni, meno yanapata ukahawia ila ukisafishwa unatoka. Kipande cha ile nyama ya kupandikiza kilichochungulia nje ya fizi kikawa cheupe nikajua kimekufa, dokta akasema damu bado inajitafutia njia, na kweli kikageuka pinki. Nyuzi zikatoka siku ya 14.

Sahivi ni mwezi wa saba tangu nifanyiwe, meno mawili yamefunikwa yote, la tatu limebaki kidogo kwa sababu mfupa wa katikati ya meno ulishapungua, na hilo alinieleza kabla sijalipa hata mia. Maji ya friji nakunywa.

Nyota nne. Ukienda, kabla ya sindano uliza kibao cha kaakaa, na omba namba inayopokelewa usiku.