viem na majina ya .eth: nimeipenda, ila hii null itatutoa machozi!

Wadau, mambo vipi! Karibuni tena kwenye chaneli, leo niko hapa Mwanga, Kigoma, samahani kwa kelele za bodaboda. Tunaichambua viem, maktaba ya JavaScript ya kuongea na Ethereum, mtandao wa sarafu ya ether. Kuiweka sielezi, hilo mnalijua. Nataka kitu kimoja tu: getEnsAddress. Unaipa jina la .eth, inakurudishia anwani ya pochi, ile ndefu ya 0x isiyokaririka.

Tazameni skrini. vitalik.eth... tayari! 0xd8dA, mwishoni 96045. Safi, tena kwa bando hili la kusuasua.

Sasa jina langu la majaribio. Herufi ndogo tupu, anwani hiyo. Herufi ya kwanza naifanya kubwa, kama simu zetu zinavyopenda kufanya zenyewe. Mnaona? null, yaani "hakuna kitu". Haijalalamika, hakuna maandishi mekundu, kimya! ENS, mfumo wa haya majina ya .eth, haitafuti kwa jina lenyewe, inatafuta kwa heshi yake, yaani namba ndefu inayokokotolewa kutoka kwenye jina, na ukigusa herufi moja heshi yote inageuka. Dawa ipo, normalize, inalisawazisha jina kwanza, inatoka humohumo kwenye viem. Lakini eti uiite mwenyewe! Ethers, maktaba nyingine ya kazi hiihii, inakufanyia kimyakimya, wala hujui.

Mtasema nakuza mambo. Haya, chukua hiyo null uiweke kwenye to, sehemu ya mpokeaji, ya sendTransaction, amri ya kutuma ether. Hata TypeScript, inayokagua makosa ya msimbo, inakubali! Na muamala usio na mpokeaji, Ethereum inajua unaunda mkataba mpya, yaani programu inayokaa kwenye mtandao. Ether zako zinaingia kwenye mkataba mtupu, hauna hata mstari wa msimbo wa kuzitoa. Ndiyo imetoka hiyo. Kwenye pesa za simu angalau jina la mpokeaji linatokea kabla hujaweka namba ya siri! Kwa hiyo normalize kwanza, halafu weka if, yaani sharti: ikirudi null, simamisha kila kitu. Nawaonyesha tena polepole... hapa normalize, hapa if. Naijaribu ile ya herufi kubwa... anwani imerudi. Tamu!

Bei? Maktaba ni bure. Jina ndilo la kulipia: herufi 5 kwenda juu, mfano "ujiji", dola 5 kwa mwaka. Herufi 4, dola 160. Herufi 3, dola 640! Na ada ya mtandao juu yake. Unstoppable Domains, wauzaji wengine wa majina, mengi yao ya aina hii unanunua mara moja, hakuna kulipa kila mwaka, ila maktaba yao ni nyingine kabisa.

Halafu msinitumie meseji za kuomba ushauri wa kuwekeza. Benki Kuu ilishatoa tangazo mwaka 2019 kwamba sarafu hizi si fedha halali nchini. Mimi nachambua msimbo.

Kuna mdau ameuliza kuhusu bitcoin: jina lilelile la .eth linaweza kubeba anwani ya bitcoin pia, kila sarafu ina namba yake ya utambulisho, bitcoin ni 0, ether ni 60. Hiyo tutaipiga kwa ethers video ijayo, maikrofoni mpya ikifika. Msimbo wa leo nimeuweka hapo chini, na if yake ipo.