Vipindi vinane na mkufunzi wa mbwa, Morogoro: uzoefu wangu

Jaki ni mbwa wetu wa kienyeji mwenye umri wa miaka miwili, na kwa zaidi ya mwaka mmoja alikuwa akilirukia geti kila bodaboda ilipopita, akibweka mpaka sauti inamkauka. Mtu wa kwanza tuliyemlipa amfundishe alimvalisha mnyororo wa kukaba shingo na kumlaza chini kwa nguvu, akitueleza kwamba mbwa lazima atambue mkubwa wa kundi ni nani. Baada ya wiki tatu Jaki alinyamaza mbele ya mtu huyo, lakini akaanza kumwonyesha meno mwanangu wa miaka saba, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Nalikumbuka kwa uchungu. Baadaye ndipo nilipojua kwamba dhana hiyo ya ukubwa ilitokana na mbwa mwitu wa aina ya “wolf” waliofungiwa pamoja, na kwamba mtafiti David Mech, aliyesaidia kuieneza, aliirekebisha mwaka 1999 kwa kueleza kuwa kundi la porini kwa kawaida ni wazazi na watoto wao.

Huduma ninayoisifu hapa ni ya dada mmoja, daktari wa mifugo, anayefika nyumbani mara moja kwa wiki. Tulilipa shilingi 320,000 kwa vipindi vinane. Katika kipindi cha kwanza hakumgusa mbwa kabisa. Alikaa barazani, akachora kwenye daftari safu tatu: kilichotokea kabla, alichofanya mbwa, na kilichofuata. “Mama, Jaki si mkorofi,” aliniambia, “anafanya kinachomlipa.” Tulipoijaza daftari hiyo kwa siku nne, jambo lilijitokeza wazi: pikipiki inakuja, Jaki anabweka, pikipiki inaondoka. Dereva alikuwa akienda zake tu, lakini kwa Jaki huo ulikuwa ushindi, nao ulirudiwa mara ishirini au thelathini kwa siku.

Tulianzia nyuma ya nyumba, mahali ambapo mlio wa pikipiki unasikika kwa mbali na Jaki bado ana utulivu wa kula. Kila mlio ulifuatwa na kipande cha maini ya kuchemsha, awe amebweka au hakubweka, mpaka mlio wenyewe ukawa dalili ya chakula, kwa kanuni ileile ambayo mwanasayansi Pavlov aliionyesha kwa mbwa waliodondokwa mate waliposikia dalili ya chakula. Kisha tukawa tunasogea hatua chache kuelekea getini, na hapo ndipo kilipotumika kidude cha plastiki kinacholia “tiki”, ambacho humjulisha mbwa papo hapo kwamba kutazama kimya ndiko kunakolipwa. Kwa wakazi wa Morogoro kidude hicho si kigeni, kwa kuwa shirika la APOPO, lililopo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, hukitumia pamoja na chakula kuwafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Magawa, mmoja wa panya hao, aliyepewa medali ya dhahabu ya PDSA, shirika la hisani la Uingereza la kutibu wanyama, mwaka 2020 kwa kazi yake Kambodia, alifundishwa kwa njia hiyo.

Kuwarukia wageni kulitusumbua zaidi. Tuliagizwa tumpe mgongo kila anaporuka, na wiki ya pili akaruka kuliko zamani. Mkufunzi alikuwa ametuonya mapema kwamba malipo yakikatika, tabia huzidi kwanza kabla ya kupungua. Tatizo lilikuwa shemeji yangu, aliyempapasa kila alipokuja Jumapili, na tabia inayolipwa mara mojamoja ndiyo inayochelewa kufa. Ilibidi naye tumkalishe chini, tumfundishe kama tulivyofundishwa sisi.

Kasoro yangu kubwa kwa huduma hii ni kwamba maelezo ya kuachiwa nyumbani yaliandikwa kwa Kiingereza, ilhali anayeshinda na Jaki mchana kutwa ni mlinzi wetu, anayesoma Kiswahili tu. Niliyatafsiri usiku mmoja na kuyabandika kwenye kibanda chake, na tangu siku hiyo maendeleo yakaongezeka kasi.

Sasa Jaki hulala karibu na geti bodaboda zikipita, na mwanangu ndiye anayemwekea chakula, nikiwa karibu. Ngurumo za mvua bado zinamtetemesha, kwa hiyo tumelipia vipindi viwili zaidi kabla ya masika.