Ukumbi wenye kreti la soda, Chikongola

Jina la mahali sitaji, maana mwenyewe namheshimu na kuna mambo nitamsema. Ukifika Chikongola hapa Mtwara uliza "pale penye meza kubwa". Bodaboda yeyote anapajua, na akikutoza zaidi ya buku anakuibia. Nasema hivyo mimi dereva wa bajaji.

Ndani kuna meza tatu za pool. Mbili ni hizi tulizozoea za kutumbukiza sarafu, ndogo, mpira mweupe wake si saizi moja na wenzake, kitambaa kimeungua sigara. Sizizungumzii sana. Gemu moja shilingi 500, unacheza ndogo na kubwa, unamalizia nyeusi, unaenda zako. Ya tatu ndiyo iliyonipeleka: futi tisa, meza ya wakubwa, ile unayoiona kwenye mashindano ya dunia. Aliinunua ikiwa imetumika, ikaletwa kutoka Dar kwa lori, mawe yake ya chini ya kitambaa vipande vitatu. Maungio ya mawe wameziba kwa nta, na ukipitisha kiganja juu ya kitambaa hupati kujua jiwe moja linaishia wapi.

Mimi meza naipima kabla ya kulipa. Nachukua mpira mmoja, nausukuma polepole, pole kama unamsogezea mtoto kikombe cha chai, kutoka raba ya huku hadi ya kule. Meza nyingi za hapa mjini mpira huo unakueleza sakafu ilivyojengwa. Hii ulikwenda umenyooka, umenyooka, halafu kama shubiri moja kabla ya shimo la katikati la kushoto ukainama. Kidogo tu, kama mtu anayesikia jina lake likiitwa. Fundi alivuta kitambaa vibaya pale. Nilimwita mwenye ukumbi nikamwonyesha.

"Najua mjomba," akasema, "huo ndio ushuru wa mgeni."

Basi nanyi sasa mmejua. Shimo la katikati la kushoto, mpira wa taratibu usiuamini. Kitu kingine ni upepo wa bahari. Jioni kitambaa kinashika unyevu, meza inakuwa nzito, na aliyezoea kucheza mchana anabaki anashangaa mipira yake inafia njiani.

Sasa tuje kwenye ugonjwa wa mwenye ukumbi, ambao ni Wafilipino. Ukutani ameweka runinga, na haonyeshi Simba wala Yanga mpaka wateja wagome. Anaonyesha pool ya Wafilipino, basi. Fainali ya dunia ya 2025 kule Jeddah, ya mipira tisa, ile pool ambayo anayeitumbukiza namba tisa ndiye anachukua gemu, Carlo Biado wao alipomfunga Fedor Gorst gemu 15 kwa 13, nadhani nimeiona mara sita na sijawahi kuomba. Anawafuatilia hadi akina dada. Chezka Centeno, binti wa Zamboanga aliyechukua ubingwa wa dunia wa mipira kumi mwaka 2023, picha yake iko juu ya friji ya soda.

Ila mfalme wa ukumbi ni mzee Efren Reyes. Jina lake la mezani ni Bata. Siku ya kwanza kusikia nilicheka mpaka chaki ikaniponyoka. Mtu mzima anaitwa Bata! Kumbe kwa lugha yao maana yake mtoto. Alipewa jina hilo kwa kuwa pale alipokuwa akicheza kulikuwa na Efren mwingine aliyemzidi umri. Vijana wa hapa hawataki kujua maana ya Kifilipino. Wakimwona mzee anatabasamu na mapengo yake huku anafuta meza, wanapiga kelele, "Huyo ndiye anayekula bata!"

Reyes alikulia kwenye ukumbi wa pool wa mjomba wake, Manila, na usiku alilala juu ya meza. Alikuwa mfupi, haifikii meza, kwa hiyo alisimama juu ya makreti ya Coca-Cola na kuyahamisha kila alipohamia. Mwenye ukumbi wetu alipoisikia habari hiyo alitoa kreti moja la soda akampa mpwa wake. Mtoto ana kama miaka kumi. Nimekaa nikamtazama: analisukuma kreti kwa kisigino bila kuliangalia, anapanda, anapiga, anashuka, macho yako kwenye mpira mweupe muda wote. Lile shimo la kitambaa kibovu analicheza kwa nguvu kidogo, hakuna aliyemfundisha. Lakini hela hagusi. Mjomba wake amemwekea amri: kopo likitoka chini ya kaunta, yeye anakwenda kwa mama yake.

Kopo ni la maziwa ya unga, na hutoka Jumamosi usiku. Hapo zinachezwa mechi za dau. Hela za pande zote mbili zinaingia koponi kabla hamjabreki, kopo linakaa kwa mwenye ukumbi, matokeo yanaandikwa kwa chaki ubaoni. Sijui kijiwe kingine hapa mjini chenye utaratibu huo. Kwingine unashinda halafu unaanza kazi ya pili, ya kumtafuta mtu. Mwenye nguvu anampa mnyonge nyongeza. Mmoja anaanza na gemu tatu ubaoni, mwingine na sifuri, kwa sababu bila hivyo nani ataweka hela yake mbele ya fundi? Msimu wa korosho ndio utaona mambo. Mnada umepita, malipo yametoka, wanakuja watu wa Newala na Tandahimba na viatu vipya, wanataka nyongeza ya gemu tano na bado wanaliwa.

Na hawachezi gemu tatu za kubahatisha. Ni nani atafikisha wa kwanza gemu 10, au 15. Hili mwenye ukumbi kalitoa kwa Wafilipino wake. Mwaka 1996 Reyes alikutana na Earl Strickland wa Marekani kule Hong Kong, wa kwanza kufika 120, siku tatu, mshindi anabeba dola 100,000 na aliyeshindwa hana kitu. Strickland aliwahi kuongoza kwa gemu 17. Wakaishia 120 kwa 117, Reyes kaondoka na mzigo. Kwa urefu huo bahati inachoka, mnabaki wawili tu.

Nilijifunza hilo kwa shilingi 40,000. Jumamosi moja ya Novemba nilikuwa nacheza na jamaa mmoja fundi magari, wa kwanza kufika 13. Akaniongoza 8 kwa 3. Nikaangalia simu, nikasema nina abiria wa feri, nikalaza fimbo. Abiria hakuwepo. Kopo likafunguliwa, jamaa akachukua. Kesho yake nimepita kunywa maji, mwenye ukumbi hakunisalimia, alichukua rimoti tu. Akaniwekea fainali ya US Open ya pool ya 2021, Atlantic City, Biado na Aloysius Yapp wa Singapore. Biado yuko nyuma, 8 kwa 3. Halafu akashinda gemu kumi mfululizo, 13 kwa 8. Huyo Biado kabla ya pool alikuwa akiwabebea watu mikoba ya gofu. Mwenye ukumbi akazima runinga, akaniuliza, "Abiria wako alifika salama?"

Tangu siku hiyo sijaacha gemu njiani. Nimefungwa mara nyingi, lakini nimefungwa hadi mwisho.

Haya, lawama. Fimbo zake ni za aibu. Ziko nane, mbili zina ngozi kwenye ncha, zilizobaki unapiga kama na mpini wa jembe. Mwenye meza ya namna ile anashindwaje kununua ngozi za ncha? Taa ya juu ya meza kubwa imekaa upande, ukicheza kutoka ukutani unapiga kivuli chako mwenyewe. Choo, nendeni nyumbani kwenu kwanza.

Kubwa kuliko yote ni umeme. Gesi inatoka Mnazi Bay, hapo pua na mdomo, na bado tunakaa gizani. Nimeshuhudia mechi imefika 12 kwa 12, kopo lina laki na nusu, umeme ukakatika. Tukasubiri saa nzima na tochi za simu. Mwishowe akawagawia hela nusu kwa nusu, lakini elfu kumi na tano yake ya kusimamia akaikata kama kawaida. Kusimamia nini, mzee wangu? Giza? Angeandika sheria ukutani watu wajue kabla hawajaweka hela, au anunue jenereta. Nimemwambia usoni, naandika tena hapa.

Chakula hakuna shida. Mama wa mlangoni ana ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha, na korosho za kukaanga, na baadhi ya jioni pweza. Muombe pilipili kando.

Meza kubwa ni 6,000 kwa saa. Nenda katikati ya wiki, na fimbo yako kama unayo. Jumamosi kaa kwenye benchi utazame, hela iache nyumbani mpaka uwajue watu na lile shimo. Siku za kazi anafungua saa kumi jioni, kwa kuwa viongozi wa mtaa hawataki kuona vijana kwenye pool asubuhi. Ukiwahi, ukachungulia dirishani ukaona kreti limeegemezwa ukutani, mtoto hajarudi shule. Zunguka kwa mama ukale ming'oko.