Chombo cha Kwanza cha Kuvulia Tanga: Ngalawa, Kayaki, Faiba au Mtumbwi?

Mtu anayetaka kuanza kuvua kwa mshipi hapa Tanga huuliza kwanza bei ya chombo, kisha idadi ya watu kinaoweza kubeba. Ni mara chache kuulizwa swali ninaloliona kubwa kuliko yote mawili: je, kitamrudisha pwani upepo wa kusi ukichachamaa, au maji yanapokupwa na kuvuta kila kinachoelea kuelekea nje ya ghuba? Kutoka si kazi. Alfajiri upepo wa umande huvuma kutoka bara, maji yametulia, na hata asiyejua kupiga kafi hujikuta amekaribia Kisiwa cha Ulenge kabla jua halijapanda. Vyombo vinne vinavyofikiriwa zaidi na wanaoanza nimevipanga hapa kwa kipimo hicho cha kurudi, kisha kwa urahisi wa kupata fundi, na bei nimeiweka mwisho.

Nafasi ya kwanza naipa ngalawa ndogo, ya watu wawili au watatu. Mwili wake ni gogo moja lililochongwa, mara nyingi la mwembe, na pande zote mbili hutokeza mirengu inayoshika matengo, yaani zile mbao zinazogusa maji na kukizuia chombo kisipinduke. Matengo hayo ndiyo yanayompa mwanafunzi nafasi ya kukosea: anaweza kusimama, kuvuta nanga, hata kuegemea upande mmoja akipambana na changu mkubwa, na chombo kikabaki wima. Tanga lake humrudisha bila gharama ya mafuta, na kitu kikivunjika, mafundi wa kukirekebisha wapo Sahare, Kigombe na vijiji vingine vingi vya pwani.

Ubaya wa ngalawa ni kwamba iliyotumika huficha maradhi yake. Ya kwanza niliyoinunua ilikuwa imepakwa rangi mbichi ya buluu, na mimi nikaona uzuri. Chini ya rangi kulikuwa na kiraka cha bati kilichopigwa lami juu ya mbao iliyooza, na mwezi wa pili nilikuwa nafua maji kwa upo, kile chombo cha kutolea maji, zaidi kuliko nilivyokuwa navua samaki. Tangu hapo sikubali kukagua chombo kinachoelea. Kiangalie maji yakiwa yamekupwa, kimelala mchangani, nawe uwe na kisu kidogo. Bonyeza ncha ya kisu chini kabisa ya chombo, kwenye mstari wa maji, na pale mirengu inapofungwa. Mbao nzima hukataa kisu, iliyooza hukipokea kama muhogo uliochemshwa. Tazama pia vitundu vidogo vya wadudu wa baharini, kwa maana kitundu chenye upana wa kichwa cha njiti ya kiberiti kinaweza kuwa mlango wa shimo refu ndani ya mbao. Baada ya hapo omba chombo kijazwe maji kikiwa pwani, ukizunguke nje na kutazama panapotoka jasho. Kama kimekaa juani wiki nyingi, ufa mwembamba utavuja mwanzoni kisha kujifunga mbao ikivimba, kwa hiyo usikikatae haraka. Subiri saa kadhaa ndipo uamue. Ufa unaopita kutoka omo, yaani mbele ya chombo, kuelekea katikati, huo usijidanganye kwamba kalafati, yaani kuziba kwa pamba na mafuta, itauponya.

Tanga la chombo lichunguzwe kwa kidole gumba: kitambaa kilicholiwa na jua huchanika kwa kusukumwa tu. Kamba za mirengu zihesabu kuwa ni za kubadilishwa, hata muuzaji akisema ni mpya.

Ya pili ni kayaki ya plastiki, ile ya kukalia juu. Najua wavuvi wengi wa hapa wataniuliza kwa nini nimeipandisha juu ya faiba, yaani boti ya fibreglasi. Sababu yangu ni kwamba kwa mwajiriwa anayevua siku za mapumziko peke yake, karibu na mikoko au ndani ya ghuba, inamtosha. Ina uzito wa kilo 25 hadi 35 hivi, na hilo si dogo katika pwani ambayo tofauti ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua, siku za maji makubwa, hupita mita 3. Mwenye kayaki huibeba akavuka tope, ilhali mwenye boti husubiri maji. Maji yanayoingia juu hutoka yenyewe kwa matundu yaliyomo sakafuni. Kwa anayeanza, tafuta yenye urefu wa mita 3 hadi 3.6 na upana wa sentimita 75 hadi 85. Nyembamba zaidi ya hapo huenda kasi, lakini humsumbua asiyezoea. Mzigo wote, pamoja na mwili wako, barafu na samaki unaotarajia, usipite theluthi mbili ya uzito ulioandikwa na kiwanda. Kayaki iliyotumika itikise usikie kama kuna maji tumboni, na ukague kingo za yale matundu, ambako nyufa huanzia. Gundi ya kawaida haishiki plastiki hiyo, na kuichomelea kunahitaji fundi anayeijua. Haina tanga, mikono yako ndiyo mashine. Kwa hiyo usivuke nayo Ulenge, na siku za bamvua uzitumie kuvua karibu kabisa na pwani.

Faiba yenye mashine ni ya tatu. Ni chombo kizuri, wadudu hawaitoboi na huwahi kurudi bahari ikichafuka, ila mashine huomba petroli kila safari, hata ile uliyorudi na vibua vitatu. Anayenunua iliyotumika agonge mbao ya tezi, yaani ya nyuma ya chombo, inayobeba mashine na kusikiliza sauti ya uozo, kisha aiwashe mashine ikiwa baridi, wala asikubali kuikuta imeshapashwa moto. Makafi mawili yawemo daima.

Mtumbwi usio na mirengu nauweka mwisho. Katika maji yaliyotulia ya mikoko, kama karibu na mlango wa Mto Sigi, hauna neno. Baharini ni chombo cha mtu aliyekulia ndani yake.

Ukishachagua, uliza karatasi kabla ya kutoa fedha. Uvuvi husimamiwa na Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003, na chombo hutakiwa kusajiliwa na kuwa na leseni, nawe mvuvi uwe na yako. Andikeni mauziano mbele ya viongozi wa BMU, kikundi cha wanajamii kinachosimamia uvuvi wa mwalo husika, ili kesho asitokee ndugu wa muuzaji akidai sehemu yake. Ikiwa utavua kuelekea Tongoni au Kigombe, fahamu kwamba Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyopewa jina la samaki wa kale, ilianzishwa huko mwaka 2009 na ina masharti yake. Yaulize kabla ya kununua nyavu au mitego. Weka pia fedha ya jaketi la kujiokolea katika bei ya chombo tangu mwanzo, kwa kuwa ikiachwa nyuma huliwa na mambo mengine.

Kuhusu majira, mimi hushauri kukagua vyombo katikati ya kusi, Juni hadi Agosti, vingi vikiwa vimepandishwa pwani, na kujifunza wakati wa maleleji, kusi ikishalegea na kaskazi haijashika. Malipo ya mwisho yasubiri siku ya maji mafu, yaani ya kujaa na kupwa kidogo, ambayo muuzaji mwenyewe atapanda nawe, mtweke tanga pamoja, mtoke hadi Ulenge na kurudi, na wewe ndiye uliyeshika usukani.