Upasuaji wa nyonga na paja mkoani Mtwara: maoni ya aliyeuguza

Shemeji yangu alipata ajali ya bodaboda katika barabara ya Masasi mwezi Oktoba, wakati malori ya korosho yamejaa njiani, na goti lake la kulia likagonga bampa. Hospitali ya kwanza ilipiga picha ya paja peke yake, ikaona mfupa umekatika katikati, ikamfunga mguu kwa mbao na kumwandikia rufaa. Mwenyewe alilalamikia kinena tangu pale barabarani, lakini paja lilivyokuwa limepinda, hakuna aliyemsikiliza, nami nikiwemo.

Hospitali ya pili, ambayo ndiyo ninayoitolea maoni, ilirudia picha kuanzia nyonga hadi goti, na hapo daktari akatuonyesha kwa ncha ya kalamu mstari mwembamba kama unywele kwenye shingo ya mfupa wa paja, yaani ile sehemu nyembamba iliyo chini ya kichwa cha mfupa kinachoingia kwenye nyonga. Alitueleza kwamba kishindo kinachopanda kutoka gotini huweza kuvunja paja na nyonga kwa pamoja, na kwamba ufa wa shingoni ndio unaopitwa kwa urahisi, kwa kuwa mara nyingi mfupa bado haujaachana. Ndio pia wa kuogopwa zaidi: mishipa inayolisha kichwa cha mfupa hupita hapo, na ikikatika kichwa huweza kufa. Kwa hiyo walianza kuifunga nyonga kwa skrubu tatu, kisha wakapitisha chuma ndani ya paja kutokea gotini, wasije wakaitikisa tena ile shingo.

Kazi ya chumba cha upasuaji naisifu bila kigugumizi. Kilichotuchosha ni maelezo ya malipo, ambayo yalikuja vipande vipande, leo skrubu, kesho chuma, keshokutwa tunaambiwa tulete ndugu wa kuchangia damu, ilhali ndugu wenyewe wako Newala na wangeweza kuja siku ileile ya kwanza. Mazoezi nayo alionyeshwa mara moja tu, koridoni, asubuhi ya kuruhusiwa.

Sasa ni mwezi wa tatu, anatembea kwa magongo na ameanza kuukanyagia mguu kidogo kidogo. Ameambiwa awe anarudi kupigwa picha kwa muda wa miaka miwili, kwani kichwa cha mfupa huweza kuanza kufa miezi mingi baada ya kidonda kufunga. Natoa nyota 4 kati ya 5.